Muhuri wa mtandaoni si hatimiliki

Biashara ya viwanja na nyumba kati ya Afrika Mashariki na ndugu walioko Marekani imepata karatasi ya aina mpya. Ni hati iliyothibitishwa na mthibitishaji ambaye hakukaa meza moja na mwenye saini. Walionana kwa video, kila mmoja akiwa mbele ya kompyuta yake. Hati hiyo huja na muhuri, jina la jimbo, namba na tarehe. Mnunuzi wa Dar es Salaam au Mombasa akiiona hudhani mambo yamekwisha, akatoa fedha.

Hapo ndipo penye hatari. Muhuri huo aghalabu ni halali, na aliyeugonga ana kibali cha kufanya hivyo. Lakini unathibitisha mambo machache kuliko mnunuzi anavyofikiri. Isitoshe, nguvu yake haitokani na aliyeugonga peke yake, bali pia na ofisi itakayoupokea. Mfanyabiashara asiyejua tofauti hiyo anaweza kulipia saini huku akidhani amelipia kiwanja.

Mfano wa Kigamboni

Chukulia mfanyabiashara mdogo wa Kariakoo anayetaka kiwanja Kigamboni. Mwenye kiwanja anaishi Houston, jimboni Texas. Nauli ni kubwa na likizo hana, hivyo anamwandikia mdogo wake aliyeko Dar es Salaam hati ya uwakala, yaani karatasi ya kumpa uwezo wa kuuza kwa niaba yake. Anaithibitisha jioni moja kwa mtandao bila kutoka nyumbani, kisha anaituma kwa barua pepe. Mdogo mtu anaichapa, anaipeleka dukani kwa mnunuzi na kuomba malipo ya awali.

Katika mfano huu hakuna tapeli. Mwenye kiwanja ni wa kweli, mdogo wake ni mwaminifu na mthibitishaji ana kibali chake. Hata hivyo, fedha za mnunuzi zinaweza kukwama kwa miezi kadhaa, na pengine zisirudi zote. Ili kufahamu sababu, hapana budi kuangalia kwanza jinsi kazi yenyewe inavyofanyika.

Kazi inavyofanyika

Marekani iliipa saini ya elektroniki nguvu ya kisheria nchi nzima kwa sheria ya mwaka 2000. Lakini kumthibitisha mtu akiwa mbali ni jambo jingine, na liliachiwa majimbo. Virginia lilikuwa la kwanza. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2011 na kuanza kutumika Julai 1, 2012. Texas lilipitisha ya kwake mwaka 2017, ikaanza kutumika Julai 2018. Florida likafuata Januari 2020.

Mwaka huo huo wa 2020, ugonjwa wa korona ulifunga ofisi, na magavana wa majimbo mengi wakatoa amri za dharura kuruhusu uthibitishaji wa video. New York lilitoa amri ya namna hiyo Machi 2020, na sheria yake ya kudumu ikaanza kutumika Januari 2023. Sasa majimbo yaliyo mengi yana sheria ya kudumu.

Chini ya sheria hizo za kudumu, mthibitishaji hafungui kamera yake na kuanza kazi kama apendavyo. Ni lazima awe na kibali cha jimbo, na kwa kawaida lazima pia awe amejiandikisha kwa kazi hii ya mtandao. Wakati wa kazi hutakiwa awe ndani ya mipaka ya jimbo lake. Mwenye saini ndiye anayeweza kuwa mbali.

Mwenye saini huanza kwa kupiga picha kitambulisho au pasipoti yake, na programu hukagua alama za usalama zilizomo. Baada ya hapo hupewa maswali yanayotokana na kumbukumbu za maisha yake: mtaa aliowahi kuishi, gari alilowahi kumiliki, mkopo aliowahi kuchukua. Utaratibu uliozoeleka ni maswali 5. Hutakiwa kujibu sawasawa angalau 4, tena ndani ya dakika 2. Siku hizi zipo pia programu zinazolinganisha uso wa mtu na picha ya kitambulisho.

Akivuka hapo ndipo anaonana na mthibitishaji kwa video. Mthibitishaji hulinganisha uso na kitambulisho, huangalia kama mtu huyo anajua anachotia saini, na kama anafanya hivyo kwa hiari yake. Mwenye saini hutia saini, naye mthibitishaji hutia ya kwake na kuweka muhuri. Mwisho hulifunga faili kwa cheti cha kidijitali.

Cheti hicho hufanya kazi kama lakiri iliyokuwa ikipigwa kwenye bahasha za zamani. Mtu akibadilisha hata tarakimu moja baada ya kufungwa, programu ya kusomea hati huonyesha kwamba faili limeguswa. Mthibitishaji huandika tukio hilo katika daftari la elektroniki, na mazungumzo yote ya video hurekodiwa na kuhifadhiwa. Virginia na Texas hutaka rekodi hiyo itunzwe angalau miaka 5, na Florida miaka 10. Kwa upande wa gharama, Virginia na Florida zimeweka kikomo cha dola 25 kwa kila tendo la uthibitishaji.

Ukilinganisha na muhuri wa mpira, huu ni ulinzi mkubwa. Muhuri wa mpira huweza kuchongwa na fundi yeyote, na saini ya wino huweza kuigwa. Mzozo ukifika mahakamani miaka 3 baadaye, mthibitishaji wa karatasi hana rekodi ya video, wakati huyu wa mtandao anayo. Kwa hiyo wanaosema kwamba uthibitishaji wa video ni mchezo wa watoto hawajauelewa. Ubovu hauko kwenye chombo, uko kwenye matarajio ya mnunuzi.

Mambo ambayo muhuri hausemi

Tarajio la kwanza lisilo sahihi linahusu mthibitishaji mwenyewe. Tanzania na Kenya, mtu anayefanya kazi hiyo kwa kawaida ni wakili. Mwananchi amezoea kwamba nyuma ya muhuri kuna mwanasheria mwenye ofisi, ambaye huenda amesoma hati na kuona kasoro zake. Marekani hali ni tofauti. Katika majimbo mengi mthibitishaji anaweza kuwa karani wa benki, mwajiriwa wa duka la kutuma vifurushi, au mtu anayefanya kazi hiyo nyumbani. Kama si wakili, sheria inamkataza kutoa ushauri wa kisheria. Kazi yake si kupima kama hati imeandikwa vizuri wala kama mali iliyotajwa ipo.

Kwa hiyo muhuri wa Texas katika mfano wa Kigamboni unasema jambo moja tu. Unasema kwamba mtu aliyetambuliwa kwa vitambulisho fulani alitokea kwa video siku fulani na kutia saini kwa hiari yake. Hausemi kwamba kiwanja ni chake. Hausemi kwamba hakina deni la benki, kesi mahakamani au mgogoro wa mirathi. Hausemi hata kwamba namba ya kiwanja iliyoandikwa ndiyo yenyewe. Mtu anaweza kuthibitisha kihalali kabisa hati ya kuuza bahari.

Tarajio la pili linahusu karatasi. Hati iliyothibitishwa kwa mtandao ni faili. Ulinzi wake wote, yaani ile lakiri ya kidijitali, umo ndani ya faili hilo. Ikichapwa, kinachobaki juu ya karatasi ni picha ya muhuri, na picha haina lakiri. Ikipigwa tena picha kwa simu na kutumwa, inakuwa picha ya picha. Mnunuzi anayeonyeshwa karatasi iliyochapwa hana njia ya kujua kama imebadilishwa au la. Majimbo kadhaa yamelitambua tatizo hilo na kuweka utaratibu wa mthibitishaji kushuhudia kwamba nakala ya karatasi inalingana na faili. Kama ushuhuda huo haupo, karatasi ile ni maelezo tu.

Tarajio la tatu ndilo linalokwamisha fedha nyingi zaidi. Mnunuzi hudhani kwamba hati halali Texas ni halali kila mahali. Sivyo. Hati inayovuka mpaka huhitaji mtu wa kuithibitishia nchi ya pili kwamba aliyegonga muhuri alikuwa na mamlaka. Nchi zilizo katika mkataba wa The Hague wa Oktoba 5, 1961 hutumia cheti kimoja kiitwacho apostili. Marekani imo tangu mwaka 1981. Katika kanda hii, mkataba huo ulianza kutumika Burundi mwaka 2015 na Rwanda mwaka 2024.

Nchi isiyokuwemo hubaki na njia ndefu: hati hupitia ofisi ya jimbo, kisha wizara ya mambo ya nje ya Marekani, kisha ubalozi wa nchi inakokwenda. Njia hiyo ndiyo ambayo hati nyingi za kwenda Tanzania na Kenya zimekuwa zikipita. Kila kituo kina masharti yake juu ya hati za elektroniki, na kila kituo kina siku zake za kusubiri. Mwenye kiwanja wa Houston aliyemaliza kazi jioni moja hajamaliza lolote hadi vituo hivyo vipitwe.

Hata ndani ya Marekani yenyewe mambo hayakwenda kwa pamoja. California, jimbo lenye watu wengi kuliko yote, lilitunga sheria ya kuruhusu wathibitishaji wake kufanya kazi hii mwaka 2023, lakini likajipa muda wa hadi Januari 1, 2030 kuikamilisha. Ikiwa majimbo ya nchi moja yamepishana kwa zaidi ya miaka 10, mfanyabiashara asitegemee kwamba karani wa ardhi aliye ng'ambo ya bahari ataipokea hati hiyo siku ya kwanza anapoiona.

Upande wa pili wa bahari

Yupo pia mfanyabiashara wa Dar es Salaam au Nairobi mwenye shughuli Marekani, tuseme nyumba aliyorithi au akaunti ya benki, ambaye husikia kwamba anaweza kutia saini kwa mtandao na kuokoa safari. Anaweza, lakini kwa masharti. Yale maswali 5 hutokana na kumbukumbu za Kimarekani. Mtu ambaye hajawahi kuishi wala kukopa huko hana kumbukumbu hizo, na huenda maswali yasipatikane. Aidha, katika majimbo mengi, mwenye saini akiwa nje ya Marekani sheria hutaka shughuli yenyewe ihusiane na Marekani, kama vile mali iliyoko huko au kesi iliyoko huko. Kwa hiyo mtu wa Arusha hawezi kutumia mthibitishaji wa jimbo lenye sharti hilo kuthibitisha mkataba wa shamba la Moshi kwa sababu tu ni rahisi.

Mnunuzi afanye nini

Wapo wanaoshauri kwamba dawa ni kuzikataa hati hizi zote na kurudi ubalozini kama zamani. Ushauri huo una gharama yake. Kutoka Houston hadi Washington, ziliko balozi za Tanzania na Kenya, ni safari ya zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara. Mtu asipokwenda atatuma kwa posta na kusubiri. Wengi huamua kuacha, na kiwanja ambacho kingeuzwa kinakaa na majani miaka mitano. Mwenye mali anakosa mtaji, na mnunuzi wa kweli anakosa mali. Soko halipati faida yoyote kwa hilo.

Njia iliyo bora ni kuipa hati thamani inayostahili, kisha kuijazia mapengo.

Kwanza, mnunuzi au wakili wake aende ofisi ya ardhi itakayosajili hati, kabla ya kulipa chochote, na kuuliza kama hati ya uwakala iliyothibitishwa kwa video nje ya nchi inapokelewa, na kwa viambatisho gani. Jibu liwe la maandishi. Jibu la mdomo la karani wa dirishani halina mwenyewe siku ya mzozo.

Pili, adai faili lenyewe, si karatasi wala picha ya simu. Alifungue kwa programu ya kusomea hati na kuangalia kama saini ya kidijitali inaonekana kuwa salama. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na kijana yeyote wa duka la kompyuta aweza kusaidia.

Tatu, ahakikishe kwamba mthibitishaji yupo. Texas, kwa mfano, lina orodha ya wathibitishaji inayoweza kutafutwa kwa mtandao. Jina, namba ya kibali na tarehe ya mwisho wa kibali vilingane na vilivyo kwenye muhuri.

Nne, asome hati ya uwakala neno kwa neno. Je, inampa wakala uwezo wa kuuza, au wa kusimamia tu? Inamruhusu kupokea fedha? Inataja kiwanja kimoja au mali zote? Ipo pia hatari isiyotajwa mara nyingi: hati ya namna hii kwa kawaida hufa pamoja na aliyeitoa, na yeye mwenyewe anaweza kuifuta wakati wowote. Mnunuzi apige simu ya video kwa mwenye mali siku ile ile ya malipo. Kwa kuwa siku hizi sura na sauti huweza kughushiwa kwa kompyuta, awepo ndugu au jirani anayemjua wa kumuuliza mambo ya nyumbani.

Tano, afanye upekuzi rasmi wa kumbukumbu za ardhi kama vile hakuna muhuri wowote. Aulize serikali ya mtaa na majirani. Hakuna uthibitishaji wa mtandao unaoondoa hatua hiyo.

Sita, fedha zisiende mkononi kwa wakala kabla hati haijapokelewa. Zikae kwa wakili au benki kwa makubaliano ya maandishi, au zilipwe kwa awamu kulingana na hatua za usajili. Muuzaji anayekataa kabisa masharti hayo na kung'ang'ania malipo ya awali leo leo amekwisha kujieleza. Na anayetaka kulipwa kabla ya usajili akubali kupunguza bei, kwa sababu anachouza wakati huo ni ahadi, na hatari yake yote imekaa kwa mnunuzi.

Wajibu wa ofisi za umma

Mzigo huu hauwezi kuachiwa mnunuzi peke yake. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inayotambua saini za elektroniki. Kenya ilirekebisha sheria zake za biashara mwaka 2020 na kuzitambua saini hizo hata katika shughuli za ardhi. Hayo ni maendeleo. Lakini kutambua saini ya elektroniki si sawa na kusema kama muhuri wa mthibitishaji wa kigeni aliyemwona mtu kwa video utapokelewa dirishani.

Swali hilo linaweza kujibiwa kwa ukurasa mmoja. Wizara zinazohusika na ardhi zinaweza kutangaza hati zipi zinapokelewa, za majimbo gani, kwa viambatisho gani na kwa muda gani. Tangazo libandikwe ukutani katika kila ofisi ya usajili na balozi zipewe nakala. Hata jibu likiwa ni kukataa, lina faida, kwa sababu mnunuzi atajua asilipe, na mwenye mali aliyeko ughaibuni atajua apange safari. Kinachoumiza soko ni ukimya, maana ukimya humpa nafasi dalali anayesema kwamba yeye ana mtu wake ndani.

Mpaka tangazo hilo litakapotoka, mfanyabiashara wa Kariakoo aikunje karatasi iliyotoka Houston, aiweke mfukoni, na aende nayo ofisi ya ardhi kabla ya kwenda benki. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la kiwanja cha Kigamboni halipo Texas.